Bomba linalodondosha usiku, na nani anakaa jioni

Watu kadhaa walioikosa hii hotuba waliniomba niiweke kwa maandishi, basi hii hapa, nimeiandika karibu vilevile nilivyoongea, na swali moja la mwisho nimeliacha pamoja na jibu lake.

Ndugu zangu, habari za jioni, na asanteni sana kwa kuja maana najua kila mmoja hapa kaacha nyumba na kazi zake zinamsubiri.

Leo sitaongelea mambo makubwa ya maisha, hayo yana wasemaji wake. Nataka tuongelee zile saa mbili tatu za jioni ambazo mtu yuko nyumbani, hana bosi, hana foleni, hana anayemwambia fanya hiki acha kile, au angalau ndivyo inavyotakiwa iwe. Chukua hata jambo la kuvua viatu tu. Mguu umebanwa tangu asubuhi, unafungua kamba, unatoa kiatu, unatoa soksi, kwenye ngozi imebaki mistari ya ile lastiki, unaikuna, vidole vinajinyoosha kimoja kimoja, sakafu ni ya baridi, na hapo hapo mabega yanashuka yenyewe hujayaambia kitu. Haichukui hata dakika moja. Huwezi kwenda kulisimulia kazini kesho yake, lakini kwa siku nzima pengine hiyo ndiyo dakika pekee mwili wako ulipojisikia uko kwako.

Raha za namna hiyo mimi naziheshimu na nadhani tunazichukulia poa mno. Ninachotaka kusema jioni ya leo ni kwamba muda wa kupumzika nyumbani ni mfupi halafu unakuja vipande vipande, na kinachoumaliza mara nyingi ni kero ndogo ambayo kila mtu ndani ya nyumba anaijua na hakuna aliyeigusa. Shida kubwa watu huwa wanaikalia kikao. Ile ndogo inaachwa, inazoeleka kwa mdomo tu, "aah hilo bomba ndivyo lilivyo", huku inamla mtu taratibu, na kwa kawaida inamla mmoja kuliko wengine, huyo nitamrudia.

Sasa hilo bomba. Naombeni mnivumilie nikae hapa kidogo maana nalijua vizuri na nina hakika hata ninyi mnalijua. Mchana halisikiki kabisa, kuna redio, kuna watoto, kuna magari, kuna mtu anasuuza vyombo. Ikifika usiku wa manane kila kitu kimenyamaza, ndio linaanza, tone, kimya, tone, kimya, halafu kinachouma siyo hata lile tone lenyewe ni ule muda wa katikati, unalala unasubiri lijalo, ukidhani limeacha hilo limedondoka tena. Unageuka ubavu. Unaweka mto juu ya sikio. Unamsikia mwenzako naye anageuka, maana yake na yeye yuko macho, na hakuna hata mmoja anayeinuka kwa sababu kila mmoja anamsubiri mwingine.

Kuna mtaalamu wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, anaitwa Anurag Agarwal, yeye alikuwa mgeni kwa rafiki yake huko Brazil, paa linavuja, maji yanadondokea kwenye ndoo na ile sauti ikamnyima usingizi, na badala ya kuishia kulalamika akaenda kuitafiti. Yeye na wenzake wakachukua kamera za kasi kubwa, maikrofoni ya hewani na nyingine ya ndani ya maji, na mwaka 2018 wakatoa majibu. Wengi wetu tungesema ile sauti ni tone kugonga maji. Kumbe kule kugonga kwenyewe karibu hakuna sauti. Tone likitua linachimba kishimo juu ya maji, kile kishimo kinajifunga haraka sana kwa sababu ngozi ya juu ya maji inavuta kurudi, na kwa kujifunga haraka hivyo kinafungia kipovu kidogo cha hewa chini yake. Hicho kipovu ndicho kinatetemeka, kinautikisa uso wa maji juu yake, na uso wa maji unaisukuma hewa, ndio ile sauti inayokufikia chumbani.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu dawa yake inatoka humo humo. Ukiweka sabuni ya vyombo kidogo kwenye beseni au ndoo inayopokea matone, ule mvutano wa juu ya maji unapungua, kipovu hakifungiwi, na sauti inakata. Hata hao wa Cambridge walilisema hili. Kama usiku maji yanadondokea kwenye chombo chenye maji, usihangaike na mto, inuka, tia sabuni, rudi ulale.

Ila hiyo ni huduma ya kwanza, bomba bado linavuja. Asubuhi fanya hesabu: tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na tukichukua matone manne ndiyo mililita moja, hapo umeshapita lita 20, ndoo nzima ya maji yamekwenda kwenye sinki na hakuna aliyeyatumia. Na kwa mabomba mengi ya kufungua kwa kuzungusha, tatizo ni kile kiraba kidogo cha duara kilichopo ndani ya koki, kimekakamaa au kimelika, hakibani tena. Unafunga maji kwenye koki kuu, unafungua kichwa cha bomba, unatoa kiraba cha zamani, unaenda nacho dukani ili upate saizi ile ile (hili msilidharau, saizi ikikosewa linavuja vilevile), unaweka kipya. Kama huna spana au huna uzoefu, mwite fundi, na ukimwita fundi mwonyeshe na mengine yote mliyoyazoea.

Maana yapo. Bawaba ya mlango inayolia mtoto akishalala, hiyo tone la mafuta tu. Soketi iliyolegea mpaka chaja uishikilie kwa pembe fulani, hiyo siyo ya kuzoea hata siku moja, soketi iliyolegea inapata moto, ni hatari, zima na iitie fundi umeme. Rimoti ambayo mfuniko wake wa betri ulishapotea ikafungwa na gundi ya karatasi. Droo inayotoka nzima. Najua kila nyumba ina yake na sitaziorodhesha.

Labda mtaniuliza, sasa mbona tunaishi nazo miaka na hatufi, si tunazizoea? Hapa ndipo nataka tuangalie vizuri. Mwaka 2008 Leif Nelson na Tom Meyvis, hawa ni watafiti wa Marekani, walichapisha utafiti wao juu ya vitu vinavyokatizwa katikati. Waliwasikilizisha watu sauti ya mashine ya kufyonza vumbi, wengine mfululizo, wengine wakapewa mapumziko mafupi ya ukimya halafu sauti ikarudi. Ukiwauliza watu kabla, wengi wanachagua kupewa mapumziko, na hata mimi ningechagua hivyo. Lakini waliopewa mapumziko ndio waliokereka zaidi sauti iliporudi. Sababu ni kwamba kero ikiwa mfululizo mwili unaanza kuizoea, ukiikatiza unafuta ule uzoefu, unaanza upya kuumia. Na wakapima upande wa pili, watu wakikandwa misuli, wale waliokatiziwa kidogo katikati ndio waliofurahia zaidi, kwa sababu hiyo hiyo, raha nayo inazoeleka na ukiikatiza inarudi ikiwa mpya.

Jamani hebu lioneni hilo kwenye nyumba zenu. Bomba linadondosha usiku, mchana linanyamaza, usiku linarudi. Mlango unalia, unakaa saa nzima, unalia. Hizi kero za nyumbani karibu zote zinakuja na kuondoka, yaani zimejipanga kabisa kwenye namna ile ambayo binadamu hawezi kuizoea, ndio maana mtu anakaa na kitu hicho hicho kwa miaka na kila kikitokea anakasirika kama siku ya kwanza, halafu wenzake wanamwona ana hasira za karibu. Hana hasira za karibu. Anaumia upya kila mara.

Na kazi za nyumbani ni hivyo hivyo. Vyombo viko kwenye sinki, mtu anaosha viwili, anaenda kukaa, anakumbuka, anarudi anaosha sufuria, maji yameshapoa na mafuta yameganda pembeni, anaacha tena. Jioni nzima inakuwa vyombo. Kama mkono umeshaingia majini basi maliza, kutoka cha kwanza mpaka sinki lenyewe ulisugue na kitambaa ukikamue ukianike, utashangaa dakika za mwanzo ndizo nzito, zinazofuata zinajiendea zenyewe. Ukimaliza kaa, na ukikaa kaa kweli. Kwa upande wa raha fanya kinyume chake. Mfululizo unaoupenda kwenye runinga usiumalize wote usiku mmoja mpaka macho yanawaka na kesho huna hamu ya kitu, angalia sehemu moja, zima, nyoosha mgongo, ongeeni kidogo kilichotokea, kesho ipo. Najua kuna wanaoupenda usiku mmoja wote na siwezi kuwazuia, ila mimi nawaambia nilichokiona, ile ya kesho inayosubiriwa inakuwa tamu mchana kutwa kabla hata haijafika.

Simu nisiiache bila kuigusa maana mtasema katizo lolote basi ni zuri. Yale mapumziko ya watafiti yalikuwa mafupi na matupu. Simu siyo tupu. Unaishika kuangalia saa tu, humo kuna ujumbe wa kazini, kuna kundi la familia wanabishana, kuna video, nusu saa imekwenda na ile saa yenyewe hujaiangalia. Kwangu inachajiwa sebuleni, na watu wa kwangu wanajua kabisa baada ya muda fulani wa usiku anayenitaka kwa dharura apige, asiandike.

Kuna jambo lingine dogo linalowasumbua watu wakidhani wanazeeka vibaya. Umekaa, unakumbuka unataka mkasi, unainuka, unaingia chumbani, unasimama katikati ya chumba. Umefuata nini? Huna habari. Unaangalia kabati, unaangalia kitanda, unarudi ulikokuwa, ukikaa tu, mkasi! Gabriel Radvansky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Notre Dame huko Marekani walilitafiti hili na mwaka 2011 wakaonyesha kwamba kupita mlangoni kwenyewe kunachangia, kwa sababu akili inaukata mwendo wa mambo kwa vipande, na mlango ni mwisho wa kipande kimoja na mwanzo wa kingine. Lakini utafiti wa wenzao wa Australia mwaka 2021 ukaongeza kitu ambacho mimi nakiona ndicho muhimu, kwamba mtu ambaye akili yake imetulia, mlango haumfanyi chochote cha maana, shida inaonekana kwa yule ambaye tayari amebeba mengine kichwani.

Kwa hiyo yule anayesimama katikati ya chumba mara tano kwa jioni msimcheke. Muulizeni amebeba nini. Mara nyingi utakuta ndiye anayejua gesi iko karibu kuisha, sare ya mtoto haijakauka, kesho kuna mgeni, dawa ya mzee zimebaki mbili, na shuka la kitanda kile linatakiwa kubadilishwa. Wengine ndani ya nyumba wanazijua hizo habari zikishaharibika tu. Yeye anazijua kabla.

Huyu mtu usiku anazima taa na kichwa hakizimi. Kwake kuna jambo moja limepimwa na linafaa kujaribiwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, wakiongozwa na Michael Scullin, waliwalaza vijana 57 maabara, nusu wakaandika kwa dakika tano mambo wanayotakiwa kuyafanya siku zijazo, nusu wakaandika waliyoyamaliza. Walioandika ya mbele walipata usingizi mapema zaidi, tofauti ya dakika kama tisa, na aliyeandika kwa undani zaidi ndiye aliyelala mapema zaidi. Kalamu na karatasi. Kitu kikishaandikwa kichwa kinakiachia. Ila na mimi naongeza la kwangu: hiyo karatasi asubuhi isibaki kwenye droo ya aliyeiandika, ibandikwe mahali watu wote wanapopita, kila mtu achukue lake.

Sasa tuje kwenye raha, maana nikiendelea hivi mtatoka hapa mmejaa kero tu.

Maji ya moto. Mtu amechoka, anaoga maji ya moto, mvuke umejaa, kioo kimefunikwa hakionyeshi kitu, na anaimba, na anaimba vizuri. Kweli anaimba vizuri, siyo kujidanganya, kuta za bafuni ni ngumu na zinateleza, sauti haimezwi kama inavyomezwa na pazia na makochi, inarudi mara nyingi haraka haraka na kuunganika, kale katetemeko na kupungukiwa pumzi kanafunikwa, na chumba kikiwa kidogo zile sauti za chini zinapata nguvu. Sauti yako inanenepa. Waacheni watu waimbe bafuni, usimgongee mtu mlango akiwa kwenye kiitikio. Na kwa mwenye shida ya kupata usingizi, hayo maji yana kazi nyingine pia. Mwaka 2019 Shahab Haghayegh na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas walizikusanya tafiti nyingi wakaona kwamba kuoga maji ya nyuzi 40 hadi 42.5 saa moja au mbili kabla ya kulala kunasaidia mtu apate usingizi mapema, wastani kama dakika 10. Ukisikia unafikiri joto ndilo linaloleta usingizi, lakini linavyokwenda ni hivi, damu inakuja juu, kwenye viganja na nyayo, joto la ndani linatoka kupitia huko, mwili wa ndani unapoa, na mwili unaopoa ndio unaolala. Ndio maana inatakiwa saa moja au mbili kabla, siyo unatoka bafuni moja kwa moja kitandani.

Halafu kuna mvua. Hapa naomba niseme taratibu. Ardhi imekauka siku nyingi, wewe uko ndani, dirisha liko wazi, mawingu yamejaa, upepo unalipeperusha pazia ndani halafu unalinyonya nje, na kabla hujalisikia tone hata moja harufu imeshaingia. Kila mtu ndani ya nyumba anainua kichwa. Hakuna aliyesema kitu. Mtu anaweka chini alichoshika anakwenda dirishani, mwingine anakimbilia nguo kwenye kamba.

Ile harufu wataalamu wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliiandikia mwaka 1964 wakaipa na jina la kisayansi. Wakati wa ukame kuna mafuta ya mimea yanajikusanya kwenye udongo na mawe. Na kuna bakteria wa kwenye udongo wanaotengeneza kitu kinaitwa jeosmini, hicho ndicho kinanukia udongo wenyewe, na pua ya binadamu inakinasa hata kikiwa kidogo kiasi cha sehemu chache kati ya trilioni moja. Mwaka 2015 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, wakapiga picha za kasi wakaona tone likitua kwenye udongo linafungia hewa chini yake, vipovu vinapanda ndani ya lile tone na kupasuka juu, vinarusha chembechembe hewani, na upepo unazibeba. Wakaona kwamba mvua ya wastani au nyepesi inarusha nyingi kuliko ile kubwa ya kumwagika, ndio maana ile ya kuanza ndiyo inanukia hivyo, ikishakolea harufu inakufa.

Ninyi mnaona? Kipovu cha hewa chini ya tone ndicho kinakunyima usingizi kwenye bomba, na kipovu hicho hicho ndicho kinakuletea harufu ya mvua dirishani. Mimi hili nilipolijua nilifurahi wiki nzima, nikawa namsimulia kila anayekuja nyumbani.

Raha ya mvua lakini inategemea kitu kimoja, je umekaa? Kwa sababu ilipoanza kunukia, kuna aliyekwenda dirishani na kuna aliyekimbilia nguo. Na kwenye nyumba nyingi anayekimbilia nguo ni yule yule, mvua hii na mvua ijayo. Hapa ndipo nilipowaambia nitarudi.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, mwaka 2018 lilitoa ripoti ya kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa. Kwa dunia nzima wanawake wanafanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi hizo. Kwa siku ni wastani wa saa 4 na dakika 25 kwa mwanamke, na saa 1 na dakika 23 kwa mwanamume. Tofauti ni saa tatu na dakika mbili, kila siku. Hizo saa tatu ndizo jioni yenyewe. Filamu ni humo, kuoga bila haraka ni humo, mazungumzo ni humo, usingizi wa mchana wa siku ya mapumziko ni humo. Kwa hiyo tukisema "sisi nyumbani huwa tunapumzika jioni", tuangalie huyo "sisi" ana watu wangapi.

Watu walipigania muda huu, haukuja wenyewe. Mkataba wa kwanza kabisa wa ILO, mwaka 1919, ulikuwa wa saa 8 za kazi kwa siku na saa 48 kwa wiki viwandani. Mwaka 1948 Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu likaweka kifungu cha 24, kwamba kila mtu ana haki ya kupumzika na kuwa na muda wake. Mwaka 2011 ukaja mkataba namba 189 wa wafanyakazi wa majumbani, unasema wapate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Mfululizo, siyo mchana huu kidogo na asubuhi ile kidogo. Mwenye mfanyakazi nyumbani aangalie ile siku yake ya mapumziko kama kweli ni siku, au ni siku inayoanza akishamaliza kufua.

Na mama wa nyumba, au baba, au dada mkubwa, yeyote ambaye nyumba imemkalia kichwani, hana mkataba wala siku. Huyo anapewa na waliomo ndani. Msimwambie "pumzika" huku sinki limejaa, hilo halimsaidii, anakaa ubavu mmoja huku sikio liko jikoni. Osheni kwanza, halafu mwambieni. Na msimuulize "nikusaidie nini?" kila siku, maana kumpangia mtu kazi nayo ni kazi. Chukua kitu kimoja kiwe chako moja kwa moja, nguo za kwenye kamba kwa mfano, kufua kwake, kuanika kwake, mvua yake, kukunja kwake mpaka kabatini, yeye asikiwaze tena kabisa. Nimeiona nyumba ambayo kijana wao wa miaka 14 alikabidhiwa mambo yote ya nguo kwenye kamba, na jioni mvua ilipoanza mama yake alinyanyuka kwa mazoea, akafika mlangoni, akamwona mtoto ameshakusanya nguo zote mikononi mpaka kidevuni, anacheka. Mama akarudi akakaa. Alikaa tu pale akiangalia dirishani, na sisi wageni tukanyamaza tukamwacha.

Baada ya hapo watu waliuliza maswali, mengi yalikuwa ya mabomba na nimeshayajibu humo juu. Lakini dada mmoja aliyekaa nyuma aliniuliza, "Na sisi tunaoishi peke yetu je? Hatuna wa kugawana naye." Nilimwambia ukweli kwamba kwake kazi zote ni zake na hilo siwezi kulipunguza kwa maneno. Ila anayeishi peke yake ana hatari ya kujiona nyumba yake haistahili kutengenezwa kwa sababu ni yeye tu, taa ya bafuni inaungua anaoga kwa mwanga wa simu wiki tatu, shuka zuri limekunjwa kabatini linasubiri mgeni. Nikamwambia balbu inunuliwe kesho. Na lile shuka litandike leo leo, limefuliwa, limeanikwa juani, lina ile harufu yake, ingia humo umeoga, miguu ikiwa misafi, unyooshe mpaka zile pembe ambazo bado ni za baridi. Akauliza, "Na mgeni akija?" Nikamwambia mgeni atakuta shuka limelaliwa likalainika, na yeye atalala vizuri tu.